Nazi yageuka sabuni Kilifi, lakini mizani ndiyo huamua faida

KATIKA nyumba nyingi za mwambao kati ya Mtwapa na Malindi, mafuta ya nazi hayahitaji kutambulishwa. Hupakwa mtoto baada ya kuogeshwa, hutiwa nywele kabla ya kusukwa, na hupakwa miguu iliyopasuka wakati wa kiangazi. Lililo geni kwa wengi ni kuyaona mafuta hayo hayo yakiwa kipande cha sabuni, kimefungwa kwa karatasi, kimewekwa bei inayozidi kwa mbali ile ya sabuni ya dukani, na mgeni kutoka Milan au Nairobi akilipa bila kuteta.

Utengenezaji wa sabuni kwa mkono aghalabu huanza kama uraibu. Mtu hujaribu jikoni kwake, huwapa jirani na jamaa, kisha mmoja wao huuliza bei. Hapo ndipo uraibu hugeuka biashara, na hapo pia ndipo wengi hupoteza mtaji wao. Baadhi huupoteza kwa sababu sabuni yao imewachoma wanunuzi ngozi. Wengine huupoteza polepole, bila kujua, kwa kuuza kipande kwa bei iliyo chini ya gharama ya kukitengeneza.

Kaunti ya Kilifi inaongoza nchini kwa kilimo cha minazi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya zao hilo huondoka mashambani ikiwa nazi nzima au madafu, na faida ya kuliongezea thamani huwaendea watu wengine. Mnazi unaogemwa nao hauzai nazi katika kole hilo linalogemwa, kwa hivyo mwenye shamba hulazimika kuchagua kati ya tembo ya leo na nazi za miezi ijayo. Serikali iliunda Mamlaka ya Ustawi wa Minazi mnamo 2007 ili kulishughulikia zao hilo, na baada ya sheria ya kilimo ya 2013 majukumu hayo yakahamishiwa kitengo cha njugu na mazao ya mafuta katika mamlaka ya kilimo ya kitaifa. Wakati huo wote, viwanda vikubwa vya sabuni nchini vimeendelea kutegemea zaidi mafuta ya mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia.

Ufuta wa Malindi na sabuni ya Marseille

Mwambao huu kuuza mafuta na kununua sabuni si jambo la jana.

Mji wa Malindi, uliokuwa umefifia kwa muda mrefu, ulifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultan Majid bin Said wa Zanzibar. Mashamba makubwa yalifunguliwa kuuzunguka, na yakalimwa kwa jasho la watumwa. Mazao yake makuu yalikuwa mtama na ufuta. Mtama ulisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na bandari nyingine za mwambao. Ufuta ulikuwa na mnunuzi wa mbali zaidi. Wafanyabiashara wa Kifaransa, ambao nchi yao ilikuwa imetia saini mkataba wa biashara na Zanzibar mnamo 1844, waliununua kwa wingi na kuupeleka Marseille, mji uliosifika kwa viwanda vya sabuni.

Marseille ilikuwa imejijengea jina kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Amri ya kifalme ya 1688 ilikuwa hata imekataza mafuta mengine yoyote yasitumike humo. Lakini katika karne ya 19 mahitaji yaliongezeka kupita uwezo wa mizeituni, na viwanda vikageukia ufuta, njugu na mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Kwa hivyo ufuta uliovunwa na mtumwa karibu na Malindi uliweza kuishia katika pipa la mafuta Ufaransa, na mwambao ukabaki kuwa mahali pa kutoa malighafi. Utumwa ulipoteza nguvu za kisheria nchini Kenya mnamo 1907, na mashamba hayo yakaporomoka. Desturi ya kuuza mbegu na kununua sabuni haikuporomoka nayo.

Ni Mfaransa pia, mwanakemia Michel-Eugène Chevreul, aliyeeleza katika kitabu chake cha 1823 kinachotokea ndani ya sufuria ya sabuni. Mafuta yote, yawe ya nazi, ya ufuta au ya ng'ombe, yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikana na gliserini. Yakikutana na magadi makali, asidi hizo huachana na gliserini na kushikana na magadi. Muungano huo mpya ndio sabuni. Gliserini hubaki huru, nayo ndiyo hulainisha ngozi. Viwanda vingi huitoa na kuiuza kando. Katika sabuni ya mkono haitolewi, na hiyo ni mojawapo ya tofauti za kweli kati ya kipande cha jikoni na kile cha kiwandani.

Magadi gani?

Hapa pana utata wa maneno unaoweza kumgharimu mtu. Magadi yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharagwe au mboga, na yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, si yale yanayotengeneza sabuni ya kipande. Hayo ni dhaifu na hayawezi kuyageuza mafuta bila moto mkali wa muda mrefu. Yanayotakiwa ni kostiki soda, au sodiamu haidroksaidi kwa jina la kitaalamu, ambayo huuzwa kama vipande vidogo vyeupe katika maduka ya kemikali.

Utata wa pili unahusu sabuni ya maji inayofundishwa katika vikundi vingi vya akina mama na vijana. Ile hutengenezwa kwa kuchanganya Ungerol, asidi ya salfoniki, chumvi, rangi na manukato. Inasafisha vyombo na ina soko lake. Lakini huko ni kuchanganya kemikali zilizokwisha kutengenezwa kiwandani. Hakuna mafuta yanayogeuzwa, na ujuzi wake haumwandai mtu kushika kostiki soda. Aliyezoea kukoroga Ungerol kwa mkono mtupu hana budi kuanza upya.

Kostiki soda huunguza ngozi, hupofusha macho, na ikimezwa huchoma umio kiasi cha kumlemaza mtoto maisha. Kwa macho yake yaliyoyeyushwa majini hayatofautiani na maji ya kunywa. Ndiyo maana hayapaswi kamwe kuwekwa katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Mtu akirukiwa, sehemu hiyo ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha aende hospitali. Siki haifai, ingawa wengi huikimbilia. Aliyemeza asitapishwe, maana kitakachorudi kitachoma njia ile ile mara ya pili.

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya kigeni huitaja kwa ufupi tu, kumbe kwetu ndiyo iliyo karibu zaidi. Sufuria za nyumba nyingi nchini ni za alumini. Kostiki soda hula alumini, huchemka kwa fujo na kutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Chombo kinachofaa ni cha chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki nzito. Kijiko pia kisiwe cha alumini. Mwiko wa plastiki ngumu unatosha. Na daima ni kostiki inayomiminwa katika maji, si maji juu ya kostiki. Mchanganyiko huo hupanda joto wenyewe, bila moto, karibu kufikia kiwango cha kuchemka, na hutoa mvuke unaokereketa koo. Kazi hiyo hufanyiwa nje au dirishani, kwa glavu na miwani ya kukinga macho, watoto wakiwa mbali.

Hesabu ya gramu

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki kinachoyatosha, wala viwango hivyo havilingani. Gramu 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki soda. Mawese huhitaji 0.141, mwarobaini 0.139, ufuta na zeituni karibu 0.134. Nazi, kwa maneno mengine, hula kostiki nyingi kuliko mafuta mengine yote yanayopatikana kwa urahisi mwambaoni.

Tuchukue mpiko mmoja wa kilo 1 ya mafuta: gramu 500 za nazi, gramu 400 za mawese na gramu 100 za mwarobaini. Nazi inahitaji gramu 91.5 za kostiki, mawese 56.4, mwarobaini 13.9. Jumla ni karibu gramu 162. Watengenezaji waangalifu hupunguza asilimia 5 ili pabaki mafuta kidogo yasiyogeuzwa, yawe kinga ya ngozi. Hivyo kostiki itakayopimwa ni gramu 154, na maji yake yatakuwa gramu 308 hivi, mara mbili ya uzito huo.

Sasa fikiria mtu aliyepewa vipimo hivyo na rafiki, kisha siku ya kupika akakuta mafuta ya nazi yamepanda bei. Akaamua kutumia mawese mahali pa nazi, kilo ile ile, kostiki ile ile. Mafuta yake mapya yanahitaji gramu 141 tu hata kama hakutaka kuacha kinga yoyote. Gramu 13 za kostiki zitabaki huru ndani ya sabuni. Kipande kitakuwa kigumu na cheupe, kitapendeza machoni, na kitamwasha mnunuzi usoni.

Kosa jingine la kawaida ni kupima mafuta kwa lita. Lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa gramu 920 hivi, si kilo. Anayetengeneza sabuni ya nazi tupu na kuihesabu lita kuwa kilo atatia gramu 174 za kostiki ilhali mafuta aliyo nayo yanaweza kula 168 pekee. Ile asilimia 5 ya tahadhari imekwisha kupotea, na ziada imeingia. Kikombe na kijiko havifai kazi hii. Mizani ya elektroniki inayosoma gramu moja moja ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya manukato, kabla ya vibandiko vya jina, na hata kabla ya mafuta yenyewe.

Hali ya hewa ya pwani huongeza taabu yake. Kostiki soda hunyonya unyevu kutoka hewani, na mkebe ulioachwa wazi usiku kucha mjini Kilifi hautakuwa na nguvu ile ile asubuhi. Mizani itaonyesha gramu 154, lakini sehemu ya uzito huo itakuwa maji. Sabuni itatoka laini na yenye mafuta mengi, na mtengenezaji ataulaumu mwezi au mafuta. Mkebe hufungwa mara tu baada ya kupima.

Kutoka mbuzi hadi kasha

Wapo wanaonunua mafuta ya nazi yaliyokamuliwa kwa mashine, na wapo wanaoyatengeneza wenyewe. Njia ya nyumbani haijabadilika sana. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha hukamuliwa kupata tui, tui huachwa usiku kucha mpaka sehemu nzito ielee juu, kisha sehemu hiyo huenguliwa na kuchemshwa polepole hadi mafuta yajitenge. Lita moja hula nazi 10 hadi 15 kutegemea ukubwa na ukomavu wake. Machicha hupewa kuku, vifuu na makumbi huwashia moto.

Mafuta hayo yana harufu nzuri kuliko ya mashine, lakini yana kasoro moja kwa mtengenezaji wa sabuni. Yasipochemshwa mpaka maji yote yaishe, yatachacha baada ya wiki chache, na uzito wake utadanganya kwa sababu sehemu yake ni maji. Dalili ya kuwa yako tayari ni kwamba hayatoi tena mlio wa kukaangika. Jambo jingine ambalo wanunuzi wa bara huuliza ni kuganda. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo Malindi huwa majimaji karibu mwaka mzima, ilhali Limuru huwa meupe kama samli. Mteja anayedai ameuziwa mafuta bandia kwa sababu yameganda hana haki ya kulalamika.

Mafuta na maji ya kostiki vikishapoa hadi kuwa vuguvugu, humiminwa pamoja na kukorogwa. Kwa mwiko kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima. Kwa mashine ndogo ya mkono ya kusagia supu ni dakika chache. Mchanganyiko huwa mzito kama uji wa mtoto, na tone likidondoshwa juu huacha alama kabla ya kuzama. Hapo ndipo manukato hutiwa, kisha uji hummiminwa katika kasha la mbao lililotandikwa karatasi. Baada ya siku moja au mbili huwa umeshikana na hukatwa vipande.

Kuhusu manukato, mwambao una utajiri ambao si wote unaoingia katika sabuni. Asumini, kilua na langilangi zinazotungwa vikuba zina harufu isiyo na kifani zikiwa mbichi. Zikitiwa katika uji wa sabuni hugeuka kahawia na kuoza, na harufu yake haionekani tena. Mchaichai huvumilia zaidi ukitumiwa kama mafuta yaliyokenekwa. Mafuta ya karafuu yana harufu inayodumu, ila huufanya uji ugande ghafla hata kabla haujamiminwa, na kiasi kikubwa huwasha ngozi. Kiasi cha kawaida cha manukato ya mimea hakizidi asilimia 3 ya uzito wa mafuta. Manjano hupendwa kwa rangi, lakini ikikutana na kostiki hugeuka nyekundu kwanza, jambo ambalo huwashtua wanaojaribu kwa mara ya kwanza, kisha hufifia polepole juani.

Mwarobaini ndio unaouzika zaidi kwa jina. Mti huu ulioletwa kutoka Bara Hindi umeenea Kilifi, Malindi na Lamu kiasi kwamba wengi hudhani ni wa asili ya hapa. Mafuta hukamuliwa kutoka kwa mbegu, yana uchungu na harufu kali inayokaribia ile ya kitunguu saumu, na asilimia 10 ya mpiko yatosha kabisa. Wasio na mafuta hutumia unga wa majani makavu, ambao hutoa rangi ya kijani na hauhesabiwi katika kostiki.

Vipande vilivyokatwa hupangwa kwenye rafu za mbao mahali penye kivuli na upepo, na huachwa kwa wiki 4 hadi 6. Katika muda huo mabaki ya kostiki humalizika, maji hupungua, na sabuni huwa ngumu na pole. Mpiko wa mfano ulioelezwa hapo juu, wenye uzito wa karibu kilo 1.46 siku ya kumiminwa, hutoa vipande 12 vya gramu 120 ambavyo baada ya kukauka hukaribia gramu 105. Kuuza sabuni ya wiki moja ni kuuza maji kwa bei ya sabuni, na sabuni hiyo itayeyuka bafuni kwa siku chache. Rafu zinahitaji kulindwa dhidi ya panya pia. Sabuni ya nazi kwao ni chakula.

Mafuta ya nazi yana sifa moja inayoyafaa hasa maeneo haya. Sabuni nyingi hukataa kutoa povu katika maji ya chumvi. Ya nazi hutoa, hata katika maji ya bahari, na kwa sababu hiyo ilijulikana zamani kama sabuni ya mabaharia. Katika nyumba zinazotumia visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambako maji ni magumu na yana chumvichumvi, tofauti huonekana mara moja. Upande wa pili ni kwamba sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Anayetaka kuitengeneza hivyo hupunguza kostiki kwa asilimia 20, si 5, na kwa kilo 1 ya mafuta hutumia gramu 146 hivi.

Bei na kibali

Hapa ndipo uraibu na biashara huachana. Mathalani, ikiwa viungo vyote vya mpiko wa vipande 12, pamoja na karatasi ya kufungia, vimegharimu Sh900, kila kipande kimekula Sh75. Saa tatu za kazi kwa Sh100 kila saa huongeza Sh300, na gharama hufika Sh100 kwa kipande. Kipande kimoja kikivunjika na kingine kikatolewa kwa mteja wa kuonjeshwa, vinabaki 10, na gharama halisi ya kila kimoja ni Sh120. Duka la zawadi linalochukua asilimia 40 ya bei likiuza kwa Sh300 humrudishia mtengenezaji Sh180. Faida yake ni Sh60.

Aliyehesabu viungo pekee ataona Sh75 na kuuza kwa Sh100 akidhani amepata Sh25. Kwa kweli amepoteza Sh20 kwa kila kipande, na kadiri anavyouza ndivyo anavyozidi kupoteza. Kushindana na mche wa sabuni ya kufulia unaotoka kiwandani ni jambo lisilowezekana kabisa. Kiwanda hununua mafuta kwa meli. Sabuni ya mkono huuzika kwa wanaotafuta kitu ambacho kiwanda hakina: nazi ya hapa, mwarobaini, gliserini iliyobaki ndani, na asili inayojulikana.

Wateja hao wapo Watamu na Malindi, miji ambayo kwa miongo kadhaa imetegemea watalii, hasa Waitaliano. Wengine ni Wakenya wanaoshuka pwani likizo za Agosti na Desemba. Mfano wa kuwauzia wageni kitu cha mazingira ya hapa si mgeni: mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mnamo 1993 umekuwa ukiwawezesha wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kupata riziki kwa kufuga vipepeo na kuuza asali, bila kukata miti. Katika kaunti jirani ya Kwale, wanawake wa Kibuyuni wanaolima mwani wamejifunza kuusaga na kuutia katika sabuni, kama wafanyavyo wenzao wa Paje, Zanzibar, kwa kuwa mwani mkavu ukiuzwa mtupu huleta pesa kidogo.

Lakini mteja wa hoteli ana masharti. Anataka vipande vya uzito mmoja, kila mwezi, bila visingizio. Sabuni inayohitaji wiki 6 kukauka haiwezi kuagizwa Jumatatu ikaletwa Ijumaa. Anayetaka kuuza Desemba lazima awe amemimina kufikia mwisho wa Oktoba, na mtaji wake utakaa rafuni muda huo wote bila kuzaa senti. Wengi huanguka hapo, ingawa sabuni yao ni nzuri.

Anayeuza hadharani anahitaji leseni ya biashara kutoka kwa kaunti, na ili aingie katika maduka makubwa anahitaji alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Shirika hilo lina utaratibu wa ada nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, na hupima sampuli kabla ya kutoa kibali. Maswali yake huwa rahisi kwa mtu aliyeweka daftari: mpiko gani, tarehe gani, mafuta kiasi gani, kostiki kiasi gani. Asiyeandika chochote hana la kujibu hata kama sabuni yake haina dosari. Taasisi ya utafiti wa viwanda nchini, KIRDI, nayo hutoa mafunzo ya utengenezaji wa sabuni kwa wanaoanza.

Kibandiko nacho kina mipaka. Kinapaswa kutaja viungo, uzito na mtengenezaji. Kuandika kwamba sabuni ya mwarobaini inatibu upele, choa au chunusi ni kuigeuza dawa, na dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu kwa sheria nyingine kabisa. Zebaki na haidrokwinoni, ambazo hutiwa katika baadhi ya sabuni za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku nchini. Mteja anayeomba sabuni ya aina hiyo hupoteza muda wake kwa mtengenezaji mwadilifu.

Kuhusu kufungia, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki zinazotumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, zikiwemo zile za bahari za Watamu na Malindi. Sheria hizo zimewafaa watengenezaji wa sabuni bila kukusudia. Sabuni iliyofungwa kwa plastiki hutokwa na jasho, kwa kuwa gliserini huvuta unyevu wa pwani, na hunata karatasini. Karatasi ya kaki au kikapu kidogo cha miyaa huiruhusu ipumue, na mgeni huondoka na vitu viwili badala ya kimoja.

Kuanzia Aprili mvua za masika huingia, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga, na rafu hubaki na mzigo. Sabuni ya nazi iliyokauka vizuri huvumilia hadi msimu unaofuata ikiwekwa mahali pasipo na unyevu. Yenye mwarobaini au ufuta mwingi huenda ikatoa madoa ya rangi ya chungwa, ishara kwamba mafuta yasiyogeuzwa yameanza kuchacha. Hiyo haiuzwi. Hukunwa na kutiwa katika maji ya kufulia nyumbani, na uzito wake huandikwa daftarini katika safu ya hasara, ili uhesabiwe katika bei ya Julai.